Siku Mfereji Uliponyamaza

Nilipokuwa na miaka tisa, kila Jumamosi ya msimu wa mvua Bibi alitutoa nyumbani kama watu wanaohama. Tuliishi milimani, mbali juu ya mji wa Same, katika nyumba iliyoegemea mteremko mkali. Nyuma ya jiko ulipita mfereji wa kumwagilia mashamba, uliochimbwa na wazee wa zamani. Bibi, mama yake baba, aliamini kwamba ndani ya mlima amelala mwenye mlima, na sauti ya mfereji ndiyo pumzi yake. Mvua ikinyesha halafu mfereji ukanyamaza, basi ameamka, anasikiliza. Hapo hakuna maswali. Mnatoka, mnapanda hadi kanisani kule juu kwenye mwamba, na njiani hakuna kumwita mtu jina, maana jina atakalolisikia ndilo atakaloliita yeye.

Basi tulifanya mazoezi. Nyuma ya mlango ulining'inia mfuko wa salfeti, ule wa nyuzi za plastiki, wenye kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, chumvi, mahindi ya kukaanga, masweta mawili, kadi zetu za kliniki na karatasi za shamba. Pembeni yake ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo, kila mtu na fundo lake. Bibi anatangulia, mdogo anakaa katikati, mkubwa nyuma. Ukiachwa, usiite wala usiitike. Kaa chini hapohapo, utafuatwa.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na mambo haya aliyaona ya kuchekesha. "Mama," alikuwa akimtania, "jamaa yako wa mlimani ameamkaje leo?"

"Amelala," Bibi alimjibu. "Na wewe cheka polepole."

Siku yenyewe ilikuwa siku ya gulio. Baba na mama walikwenda Myamba kuuza ndizi, tukabaki watatu: Bibi, mimi, na mdogo wangu Neema, aliyekuwa na miaka mitano. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Mchana huo ilibaki manyunyu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ukisimama mlangoni hulioni jiko. Nilikuwa nachambua maharage ya makande. Ghafla nikagundua kwamba namsikia Neema akipumua.

Nyumba ile haikuwahi kuwa kimya hivyo. Usiku na mchana maji yalipita pale nyuma, tukalala nayo, tukaamka nayo, mpaka hatukuyasikia tena. Bibi alikuwa ameinua kichwa. Alisimama, akachukua mfuko, akanipa kamba, na sufuria ikabaki motoni.

Sasa niseme la kwangu. Mkubwa alikuwa mimi, nyuma palikuwa pangu. Lakini nilipoutazama ule ukungu nikaogopa kuwa wa mwisho, nikashika fundo la katikati na kumsukumia Neema la nyuma. Bibi alikuwa mbele, hakuona. Mtoto wa miaka mitano, jamani. Akalishika bila kunung'unika.

Tulipanda tukipita kwenye migomba. Tulipovuka mfereji nilitazama ndani, nikaona matope na kaa mmoja akihangaika. Tulipofika karibu na mparachichi mkubwa, kamba ikawa nyepesi mkononi mwangu. Niligeuka. Fundo la nyuma lilikuwa linaburuzika kwenye majani.

Nikaita. Hata sikufikiri, mdomo ulifunguka wenyewe: "Neema!"

Jina likaondoka, likakaa kidogo, halafu likarudi. Lilirudi kwa chini, upande wa nyumbani, kwa sauti yangu mimi.

Kiganja cha Bibi kilikuwa tayari kinywani mwangu. Alinitazama, na sijawahi kuona tena uso wa mtu mzima umeogopa namna ile. Alininong'oneza, "Kaa hapa. Usitoke, usiseme." Akauacha mfuko miguuni pangu, akashuka, na baada ya hatua tatu sikumwona.

Nilikaa. Sijui ni muda gani. Nilisikia harufu ya udongo mbichi, ile ya kaburi linalochimbwa, na ilizidi kila nilipovuta pumzi. Nilijua kabisa kwamba kama mdogo wangu hatarudi, nitakuwa nimemuua mimi, mara mbili: kwa fundo na kwa jina.

Kisha ukungu ukamtoa Bibi, na Neema mgongoni kwake, macho wazi, hana kiatu kimoja. Tulipanda mbio. Tulikuwa tumeshagusa ukuta wa kanisa mlima ulipoachia. Haukupiga kishindo nilichokitarajia. Ilikuwa sauti ya gunia la maharage likimwagwa sakafuni, ila gunia lenyewe halikuisha.

Ukungu ulipoondoka jioni, pale palipokuwa na nyumba, jiko na zizi la mbuzi palikuwa na udongo mwekundu tu. Baba na mama walitukuta kanisani. Baba alimwamkia mama yake, "Shikamoo, mama," mara mbili, kama aliyesahau kwamba ameshaitikiwa. Wiki hiyohiyo alisokota kamba mpya kwa mikono yake.

Bibi alipoulizwa kwa nini Neema alirudi nyumbani, alijibu tu, "Mlima ulimwita." Hakunitaja hata siku moja, mpaka tunamzika.

Sasa nafundisha sayansi shule ya msingi, hukuhuku milimani. Nawaeleza wanafunzi kwamba mlima unapoanza kukatika chini kwa chini, maji hubadili njia, kwa hiyo chemchemi ikinyamaza wakati wa mvua, kimbieni. Nawafundisha pia kuhusu mwangwi. Neema ana duka la vitenge Same mjini. Ukimwita kwa nyuma hageuki, na wateja husema anaringa.

Masika iliyopita alipanda kuja kunisaidia kufunga kamba na mfuko nyuma ya mlango wangu, kwa ajili ya wanangu. Nikaona nikikaa kimya tena nitapasuka. Nikamwambia, "Siku ile mlima haukukuita. Nilikuita mimi. Sauti iligonga ng'ambo ikarudi kwa chini."

Aliendelea kukaza fundo. "Najua ilikuwa sauti yako, dada. Fundo lilikuwa limeniponyoka, nikakusikia kwa chini, ndiyo maana nilirudi. Nilidhani wamekusahau ndani."

Nililia, sifichi. Alinisubiri nimalize, halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Ila sijaelewa kitu kimoja. Kwa nini uliniambia niingie jikoni, kuna joto?"

"Niliita jina tu," nikasema. "Mara moja."

Aliliachia fundo, tukatazamana. Mwangwi naufahamu, naufundisha kila mwaka, nao hurudisha ulichoupa, basi. Muda wote huo nilitaka kukiri ili nipumzike. Nimekiri, na nilichopata ni kujua kwamba kuna kitu ndani ya mlima ule kinachoijua sauti yangu, na kimewahi kuitumia kwa mtoto aliyenipenda.

Tangu siku hiyo wanangu siwaiti nikiwa siwaoni. Nainuka, nawafuata walipo, nawagusa bega.