Siku Lascelles Alipoiacha Rufaa

Lascelles Pinnock alikuwa fundi wa matairi kule Hartford, Marekani, kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Watu wa uhamiaji walimkamata kwa kesi ya bangi ya ujanani, kesi ambayo mwenyewe alishaisahau, wakamshusha mpaka Louisiana, kwenye gereza lililozungukwa na misonobari. Huko ndiko tulikokutana, Wajamaika wawili, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu.

Mahakama yetu ilikuwa televisheni. Unakalishwa kwenye chumba chenye baridi, hakimu anakutokea kwenye kioo. Siku hiyo tuliitwa pamoja, nikaketi nyuma kusubiri zamu yangu. Hakimu, mama mmoja mpole, alimsomea Lascelles kwamba ombi lake la kubaki Marekani limekataliwa.

"Bwana Pinnock, una haki ya kukata rufaa. Utaitumia, au unaiacha?"

"Nikikata rufaa, nangojea wapi?"

"Hapo hapo ulipo."

"Mpaka lini?"

"Miezi. Siwezi kukuahidi zaidi."

Lascelles akajifuta uso kwa kiganja. "Basi naiacha, mheshimiwa."

"Ukiiacha leo huwezi kuirudia kesho. Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hakuna. Nimechoka tu."

Wakili wa serikali akasema naye hakati rufaa. Ikaisha hivyo. Zamu yangu ilipofika, nami nilikataliwa, lakini mimi nikakata rufaa.

Tuliporudi bwenini alimpigia bintiye, Kerene. Sauti ya binti ilivuja kwenye simu mpaka nikaisikia.

"Baba, wakili wetu alikuwa tayari kukukatia rufaa. Si ungeniuliza kwanza?"

"Ningekuuliza ungenikatalia, mwanangu."

Simu ikakatwa upande wa pili.

Alidhani ataondoka wiki ile ile. Wapi. Karatasi za safari zilichelewa, na wenzetu wakapata la kumtania.

"Mzee Matairi, ndege yako imepata pancha?"

"Inazibwa," anajibu, kisha anageukia ukuta.

Asubuhi moja tukiwa kwenye uji, akaitwa jina. Alinishika bega, akaenda. Uji wake ulibaki kwenye sinia.

Rufaa yangu ilikaa karibu mwaka, kisha ikatupwa. Niliposhushwa Kingston na mfuko wa plastiki mkononi, nilimkuta Lascelles nje ya uwanja wa ndege akinisubiri, amekonda, ameshika mkate mtamu na jibini. Nilijua atanicheka. Hakunicheka.

"Pole, ndugu yangu. Kula kwanza."

Akanichukua mpaka mji wa kwao, Porus, alikofungua banda la kuziba matairi kando ya wauza machungwa. Nilipokwisha kula ndipo akasema kilichokuwa moyoni.

"Kerene hapokei simu zangu. Mpigie wewe. Mwambie rufaa yako ilikataliwa, na yangu ingekataliwa vilevile."

Nikampigia. Kerene alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Pole sana, anko," akasema. "Lakini wewe ulikata, ukakataliwa. Baba hakukata."

 Nikasikia akivuta pumzi.

"Anakula? Dawa zake za presha anameza?"

"Muulize mwenyewe," nikasema, nikampa Lascelles simu.

Akaiweka sikioni. Kisha akasema, polepole, "Nakula, mwanangu. Nameza."

Lori lilikuwa limesimama mbele ya banda, tairi la nyuma limelala chini, dereva anapiga honi. Lascelles hakugeuka. Nikainuka, nikaenda mimi kumsikiliza dereva.