Paja la Mama na Diploma Yangu

Diploma yangu ya maabara hakuninunulia mtu. Katika mtihani wa mwisho, wa mdomo, mwalimu aliniuliza kwa nini epithelia, tishu inayofunika mwili nje na ndani, ina tabaka moja mapafuni lakini nyingi kwenye ngozi. Wenzangu wawili walikuwa wameanguka hapo.

"Mapafuni hewa lazima ipenye," nilijibu. "Ngozi inasuguliwa. Mama yangu husokota katani ya vyondo, vikapu anavyosuka, kwenye paja lake kila siku. Seli za juu zikiisha, za chini hupanda. Angekuwa na tabaka moja, angetoka damu kabla ya kumaliza kiondo kimoja."

"Umesoma kitabu gani, mtu wa Kanyangi?"

"Hakuna, mwalimu. Nimeona nyumbani."

Nilipita, wa kwanza darasani. Nikarudi kwetu Kanyangi, na maabara ya hapa naisimamia mimi.