Mayai ya Mama Mkwe na Kompyuta Isiyoamka

Haya, wa kule nyuma sogeeni, koo langu leo halina nguvu. Mimi shule niliiona kwa nje nikipita na ng'ombe, lakini kompyuta ninayo. Inakaa kwangu Utemini, juu ya mashine ya kutotolea vifaranga, na kazi yake ni moja: kulinda joto. Joto likishuka, inanitumia meseji.

Shida ni umeme. Ukikatika ukarudi, kompyuta inawaka, ila ile programu ya ulinzi inabaki imelala mpaka uibonyeze. Mwaka mzima sikutoka nyumbani. Harusi nilituma salamu, misiba nilituma salamu. Nimebonyeza mpaka alama za vidole zimefutika. Siku moja tu nilichomoka kwenda kusajili laini, mashine yao ikaniona kama nimeweka kijiko.

Ndipo mama mkwe akaleta mayai sitini. Mama huyu miaka yote alikuwa ananiita "yule aliyemchukua mwanangu", leo ananikabidhi mayai. Nikaona hapa hakuna mchezo. Nikamwita binti mmoja fundi wa kompyuta, akashinda pale anagonga gonga.

"Tayari mzee. Sasa itaanza yenyewe."

Nikaijaribu. Nazima ukutani, nawasha, naandika nenosiri, programu hiyo inaanza. Nazima, nawasha, naandika, inaanza. Mara mia nne, mpaka swichi ikawa inalia kama mbuzi. Nikaridhika, nikaenda msibani Sekenke.

Siku mbili simu kimya. Nikawatambia watu kule, mnaona, mwenzenu ana mlinzi asiyesinzia.

Narudi, namkuta mama mkwe amechuchumaa mbele ya mashine, ametandika kanga kwenye beseni, anahamisha mayai yake moja moja. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza taa za joto. Mayai ya baridi, ungedhani yametoka kisimani. Na kompyuta? Inawaka vizuri kabisa, inasubiri nenosiri.

Nikampigia fundi, nina hasira mpaka simu inaniunguza sikio.

"Mzee, niliiweka ianze mtu akishaingia. Kwani wewe hukai hapo?"

"Ningekuwa nakaa hapo ningekuita wa nini?"

Kumbe mara zote mia nne nilikuwa naiamsha mimi mwenyewe kwa lile nenosiri, halafu naisifia kwa kuamka.

Sasa nimweleze mama mkwe. Nikapiga magoti, macho chini, maana kwetu mkwe humtazami usoni.

"Shikamoo mama. Ile ya kulinda, mama, haikuharibika. Ilikuwa inasubiri mtu aingie, aiandikie..."

Akajitwisha beseni lake.

"Baba, tetea wangu akitoka kunywa maji, anarudi mwenyewe kwenye mayai. Hajawahi kunisubiri nimwandikie."