Nyaya za Ami Wadie

Ami Wadie alifungua chumba cha mitambo cha redio yetu ya Iskanderia, Misri, kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita, na mpaka leo nikinusa kahawa yenye iliki namkumbuka na kusikia uchungu. Yeye ndiye aliyetunza sauti za watangazaji wetu wa zamani. Kanda zao zilikwisha kuoza. Sauti zilibaki kwenye diski tu, zikifika studio kwa nyaya zake za rangi ya chungwa, njia isiyopitiwa na kitu kingine.

Mkurugenzi Bahgat alitaka nyaya hizo ziondolewe, sauti zipite kwenye nyaya za buluu zinazotumiwa na ofisi nzima. Tukakubaliana kuzipima zote mbili mwezi mzima. Mwezi wenyewe ukawa Ramadhani.

Siku ya ishirini na tisa Bahgat akaja na karatasi, anachekelea.

"Ami, soma! Chungwa haikukatika hata mara moja. Na buluu nayo, hata mara moja. Una la kusema?"

"Ninalo. Mmepima barabara siku ambayo haina magari. Watu wanaingia saa nne, saa nane wamekwenda kulala. Pimeni baada ya Idi."

"Wewe Mkristo ndiye wa kutufundisha Ramadhani?"

"Sasa nani mwingine? Mimi ndiye ninayebaki macho humu, nimejificha na mkate wangu wa maharage!"

Tulicheka sote, Bahgat naye, lakini amri haikubadilika. Ami alistaafu wiki ile ile. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuchomoa nyaya zake mwenyewe, na alipotoka mle chumbani mimi Hanaa, msaidizi wake, sikuweza kumtazama usoni.

Baada ya Idi watu walirudi na sahani za kahk, biskuti za Idi, na simu zilizojaa video za watoto, kila mmoja anamtumia mwenzake. Saa tatu na nusu sauti ya mtangazaji wetu wa zamani, marehemu Bi Safinaz, ilikatika hewani, katikati ya neno. Nyaya za buluu zilijaa video, mitambo ikawa haizioni tena diski.

Nilikimbilia chumbani. Nyaya za chungwa zilikuwa zimeviringishwa vizuri, kila moja na kikaratasi: "Hanaa, hii ni ya tundu la pili." Nikazichomeka. Bi Safinaz akaendelea.

Nikampigia simu. "Ami, hukutii amri!"

"Niliambiwa nichomoe, nikachomoa. Diski zi salama?"

"Zote."

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Basi," akasema, "sasa ndiyo nimestaafu."