Niliuzunguka Mkorosho wa Mtani Wangu

Katika miaka yote niliyofundisha dini kwenye vijiji vya Lulindi, somo nililolipenda kupita yote lilikuwa lile la kuwakataza watu wasiamini uchawi. Nililifundisha kwa sauti kubwa. Nilijua mahali pa kunyamaza ili kinamama waangaliane, na mahali pa kupiga meza. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu alipotaka kunipunguza kimo kidogo, alijua pa kuanzia.

Mambo yaliletwa na binti yangu wa mwisho. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akafanya kazi huko, kisha akarudi nyumbani na begi moja la nguo na jingine la nyaya. Enzi zile ambazo simu ya misheni ilikuwa moja na imefungiwa kwenye chumba cha padri, kurudi hivyo kungeitwa kushindwa. Lakini soko huria lilikuwa limeingia siku nyingi. Masasi kila duka lilikuwa linauza simu kando ya sabuni, na wanunuzi wa korosho walipatana bei wakiwa juu ya bodaboda. Mimi mwenyewe niliwahi kuhubiri kwamba simu za mkononi ni upepo tu, zitapita. Naandika haya huku yangu ikiwa ukutani inachaji.

Alinieleza kazi yake tukiwa tunabangua korosho jikoni.

"Baba, unakipiga picha kitu pande zote. Simu inazikusanya zile picha, kitu kinakuwa kizima. Halafu ukienda mahali pengine ukaelekeza kamera, unakiona kimesimama pale mbele yako, na wakati hakipo. Unaweza hata kwenda nyuma yake ukaona mgongo."

"Kama maono," nikasema.

"Bila kufunga," akajibu.

Alisema vitu vya namna hiyo vilikuwepo tayari duniani, ila kuvitengeneza kulitaka fundi aliyesoma sana na mashine ya gharama. Yeye alitaka mchonga vinyago wa Newala, msusi wa mikeka wa Chiwata, na mwalimu wa shule ya msingi, kila mmoja atengeneze chake kwa simu ya kawaida, kwa maelekezo ya Kiswahili. Alikuwa ameshapata ukumbi huko Newala wa kuwaonyeshea. Na alijiwekea sharti: kitu cha kuonyesha kitengenezwe na mtu wa kijijini, peke yake, yeye asiguse.

"Ikishindikana, basi nimetengeneza mchezo wangu mwenyewe," akasema. "Nitarudi kuajiriwa."

Alisema hivyo huku anafuta kioo cha simu kwa pindo la kanga, bila kuniangalia. Nikajua limemkaa moyoni. Nikamwambia aniachie mimi.

Nilianza na ndala yangu. Ilitokea uani, kubwa kama ndama, imesimama kwa kisigino. Niliitazama kwa fahari, nikashusha simu, nikaenda zangu jikoni kuchukua maji. Binti yangu akaanza kucheka mpaka akaketi chini. Nilikuwa nimepita pembeni ili nisiikanyage. Kisha nikajaribu kikombe, kikaning'inia hewani usawa wa sikio la mbuzi. Nikasema simu imechoka.

Mtu mwenye akili angebaki na vikombe. Mimi nikataka mti. Nilikuwa na darasa la watoto wa kipaimara, na somo lililofuata lilikuwa la shukrani. Nikaona vema mkorosho usimame katikati ya darasa, watoto wauzunguke, wamshukuru Muumba. Mikorosho yangu haikufaa. Inafanana na mwenyewe, matawi mengi na mazao machache. Mkorosho mzuri ulikuwa wa jirani yangu.

Jirani huyu ni mjane, Mwislamu, wa rika langu. Yeye ni Myao na mimi Mmakonde, kwa hiyo sisi ni watani. Siku tuliyomzika marehemu mke wangu, alikaa pembeni ya kaburi akakataa kuondoka mpaka apewe soda, na watu waliokuwa wanalia wakacheka. Ndivyo tulivyo. Akitaka kuku wangu anamkamata, na mimi nikipita kwake naondoka na muhogo. Nikawaza kwamba kama kuku anachukuliwa bila kuombwa, sembuse picha.

Maelekezo ya binti yangu yalikuwa mafupi: nyoosha mkono, zunguka polepole, usisimame mpaka duara lifunge. Alisema pia kwamba asubuhi mapema, kabla jua halijatupa vivuli vikali, ndipo picha hutoka vizuri. Basi nilitoka alfajiri, nikiwa njiani kwenda kuongoza sala ya asubuhi, nimeshavaa kanzu yangu nyeupe ya kanisani. Mti ulikuwa umejaa maua, na unga wa salfa aliyoipiga kuzuia ukungu bado ulionekana kwenye majani. Nikanyoosha mkono, nikaanza kuzunguka. Ili nisipoteze muda nilisali kimoyomoyo, ila midomo yangu haijawahi kujifunza kimoyomoyo.

Jirani yangu akatoka nyuma ya nyumba na birika la kutawadhia.

"Nani huyo?"

"Mimi, mtani."

"Unafanya nini kwenye mti wangu?"

Duara lilikuwa karibu kufunga. Nikisimama, kazi yote inaharibika. Nikaendelea kuzunguka, nikageuza shingo tu kumjibu.

"Nauchukua mkorosho wako. Naupeleka kanisani."

"Unaupeleka wapi?"

"Kanisani! Huko ndiko utakakozaa!"

Nikacheka. Nilisubiri acheke. Nilisikia birika likianguka.

Sala yangu ya asubuhi haijaisha, habari ilikuwa imeshafika kisimani. Mchana mwenyekiti wa kijiji akaja na baiskeli, akanipa shikamoo kwa heshima yote, akakaa, akaangalia kofia yake.

"Mwalimu, kuna neno. Mimi siamini, lakini mimi ni mwenyekiti, lazima nilete. Watu wanasema simu ya binti yako inavuta mazao. Inatoa korosho kwenye mti wa mtu na kuziingiza kwenye mti wa mwingine."

"Na wewe umewaambia nini?"

"Nimewaambia Mwalimu ametukataza kuamini mambo hayo." Akakohoa. "Wakaniuliza, sasa mbona yeye anayafanya?"

Jioni ile msusi wa mikeka wa Chiwata, aliyekuwa amekubali kuja Newala, alituma ujumbe kwamba mkeka wake hautaki kuzungukwa. Binti yangu aliusoma, akaiweka simu juu ya meza, kioo chini.

"Baba, hili neno likifika Newala kabla yetu, hakuna atakayeishika simu hii. Si vinyago, si mikeka. Nitakuwa nimewaletea watu kitu cha kuogopana."

Nikamwambia asihofu, Jumapili nitahubiri. Nilikuwa nimeshaanza kupanga mahali pa kupiga meza.

"Ukihubiri, tutahamishwa," akasema. "Nenda kwa mwenyewe."

Nilikwenda kesho yake mchana kweupe, nimevaa shati la kawaida, nikasimama nje ya uzio.

"Hodi."

Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, basi alikuwepo.

"Hodi, mama."

"Leo unaijua hodi," sauti ikasema kutoka ndani. Akaniacha nisimame mpaka ugali ukaiva. Alipotoka hakunikaribisha kiti.

"Mwaka jana ukungu ulikula maua yote," akasema. "Unajua. Nilikula muhogo mpaka nikasahau harufu ya samaki. Mwaka huu nimepiga salfa kwa mkono wangu, mti umechanua. Alfajiri nakukuta na nguo nyeupe, unauzunguka, unanong'ona, nakuuliza, hata kusimama husimami. Unaniambia unauchukua. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mimi ni mtu wa majibu. Nimemjibu askofu.

"Ningekimbia," nikasema.

"Mimi nina magoti mabovu," akasema, "ndiyo maana nilibaki."

Nikamweleza kazi ya simu ile, polepole, bila utani. Kisha nikaelekeza simu kwenye kibanda chake cha kuku, na mkorosho wake ukasimama pale, na maua yake, umewaficha kuku wote. Aliutazama sana. Halafu akageuka kuutazama ule wa kweli, akaenda akaushika shina, mkono mwingine ukiionyesha simu kwa kidole.

"Urudishe," akasema.

"Mama, haujatoka, ni pi..."

"Urudishe."

Nikaufuta mbele ya macho yake. Nilibonyeza pasipo, nikafungua redio kwanza, mtu akaanza kutangaza bei ya mbolea. Mwishowe mti ukatoweka na kuku wakarudi.

"Sasa omba."

Nikaomba kama watu wanavyoomba, kwa maneno kamili, naomba ruhusa kuupiga picha mkorosho wako ili binti yangu auonyeshe Newala.

"Sikupi," akasema. "Mti wangu nitauzunguka mwenyewe. Lete."

Nikasimama pembeni nikimsomea maelekezo, maana miwani hana. Aliuzunguka kwa magoti yake yale, akisema bismillahi kwa sauti bila kujificha, na watu waliokuwa wanapita njiani wakasimama kumtazama. Duara likafunga mara ya kwanza. Mti wangu mimi, binti yangu aliyeuona kabla sijaufuta alikuja kuniambia, ulikuwa na tundu kubwa ubavuni, pale nilipogeuza shingo nimjibu mwenye mti.

Tulipanda gari la asubuhi kwenda Newala sote watatu, jirani yangu amekaa dirishani, mimi nimepakata mkoba wake. Ukumbini walikuwa wachonga vinyago, kinamama wa mikeka, walimu wachache, wote wamekaa karibu na mlango. Neno lilikuwa limetutangulia. Binti yangu alisalimia. Jirani yangu hakungoja aitwe. Alinyanyua simu, akausimamisha mkorosho katikati ya ukumbi, akawaita waje kuona. Walikuja mmoja mmoja. Mchonga vinyago mmoja mzee alinyoosha mkono kugusa tawi, akaushika upepo, akarudisha mkono haraka.

"Nani kauchukua mti huu?" akauliza.

"Hakuna aliyeuchukua. Upo nyumbani, nimeushika kabla ya kupanda gari. Huu nimeutengeneza mimi."

"Na yule mzee mwenye mkoba?"

"Yule? Mchawi wangu. Siku hizi namtuma."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na nadhani nilicheka kuliko wote, kwa sababu niliona binti yangu amekaa chini, amejifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na haikuwa huzuni. Mchonga vinyago alikuwa ameshamgeukia mwenzake. "Bwana, naomba kinyago chako nikizunguke." Mwenzake akasema, "Karibu." Simu ikaanza kupita mkono kwa mkono, na haikurudi kwetu mpaka ilipoishiwa chaji.

Binti yangu hajarudi kuajiriwa. Katika maelekezo ya programu yake, kabla ya kunyoosha mkono na kuzunguka polepole, aliongeza mstari mwingine: "Piga hodi kwa mwenyewe. Subiri akujibu." Anasema huo ndio mchango wangu katika teknolojia. Nimeupokea kwa shukrani, maana mwingine sina.

Somo la kipaimara nalo nililifundisha. Mkorosho ulisimama darasani vizuri kabisa, watoto wakauzunguka, wakaniuliza korosho ziko wapi. Ulikuwa umepigwa picha ukiwa na maua tu. Ikabidi niiache shukrani, nifundishe uvumilivu.

Msimu ulipofika, ule wa kweli ulizaa. Jirani yangu aliniletea kikapu cha mabibo mpaka mlangoni, akapiga hodi, akasubiri nijibu, akasema nisiyazunguke, niyale.