Neno la Bi Futi

Katika duka letu la mapazia tulikuwa wanawake wawili tu. Mimi nilikaa nyuma kwenye cherehani, karibu na dirisha. Mwenzangu alikwenda kupima madirisha ya watu. Futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni kama mkufu. Aliivaa sokoni, aliivaa msibani, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Bi Futi. Nilifanya naye kazi miaka kumi na minne.

Mpima madirisha huingia kila nyumba. Akiwa amepanda kwenye kiti, penseli mdomoni, wenye nyumba walimsimulia wapi walinunua nini, nani aliwapunja, nani aliwatendea haki. Na yeye mwenyewe hakuacha kitu kipite bila kukitolea hukumu. Duka la viatu la kona: "Viatu vizuri, ila muuzaji anakuvalisha namba ndogo, eti vitatanuka. Vitatanuka vyenyewe au kwa vidole vyangu?" Fundi saa: "Mkono mzuri, mdomo mchafu. Mpe saa, usimpe stori." Duka la dawa: "Wanakuuliza unaumwa nini kwa sauti ya mnadani." Kuhusu posta, alisema tusiende kabla ya saa nne, mpaka yule karani mwenye miwani awe ameshakunywa chai. Watu walicheka, lakini walimfuata.

Kusifu ndiko kulikomshinda. Miaka yote hiyo nilimsikia akisifu kitu kimoja tu bila kukitilia "ila": daktari wa meno wa ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo. Mzee mfupi, mikono yake inanukia sabuni. Alikuwa amemng'oa Bi Futi magego mawili bila yeye kusikia chochote. "Yule mzee," alisema, "anakuomba radhi kabla hajakugusa." Alimpelekea nusu ya mtaa. Hata mimi nilikwenda. Kweli, aliniomba radhi.

Bi Futi aliachika mapema na hakujaliwa mtoto. Aliyekuwa naye duniani ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, mwalimu wa chekechea, mwanamke mcheshi asiyeweza kukasirika zaidi ya dakika tano. Mume wa huyo mdogo aliendesha gari la taka la manispaa, na walikuwa na binti wa miaka tisa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, dada na mdogo wake walimchukua yule binti wakaenda kutembea, na Jumatatu mimi nililetewa ripoti. Bustani ya wanyama: "Simba amekonda kuliko mlinzi wake. Vyoo, bora ujizuie." Makumbusho: "Pametulia, lakini yule anayeeleza anaeleza kama anasoma mashtaka." Bwawa la kuogelea: "Maji ya kijani. Watoto wametoka wanajikuna." Mdogo wake alikuwa akimwambia, "Dada, wewe hata peponi utauliza kwanza nani anafagia."

Alhamisi moja, kazi ikiwa imelala, tulikwenda saluni. Msusi alikuwa na kichwa changu mkononi. Bi Futi alikuwa akimweleza mteja mwingine, mama mjamzito aliyeshika shavu, jinsi ya kufika kwa daktari wake.

Msusi akadakia, "Aah, Bi Futi, yule mzee si ameondoka? Amekwenda kukaa kwa mwanawe tangu mwaka jana. Aliyebaki pale ni yule jamaa aliyekuwa anamchemshia vifaa. Mwenye nyumba wangu ametoka pale taya limevimba hivi."

Nilimwona Bi Futi kwenye kioo. Aliona watu wanamtazama, wengi wao aliwapeleka yeye mwenyewe kwenye zile ngazi.

"Msusi, wewe suka," akasema. "Mambo ya meno niachie mimi."

Watu wakaangua kicheko, msusi naye akacheka, yakaishia hapo. Yule mjamzito hakwenda. Nilimsikia akimnong'oneza msusi amwelekeze kwingine. Tulipofika mlangoni pa duka letu, Bi Futi akasema, "Watu wanapenda kuwaharibia wenzao jina."

"Wanapenda," nikasema.

Kutoka dukani kwetu hadi duka la vyombo hazifiki hatua mia mbili. Alipita pale kila siku akienda na kurudi. Hakupanda zile ngazi kwenda kuhakikisha. Wala mimi sikupanda.

Zilipita wiki tatu. Jumatatu asubuhi mdogo wake aliingia dukani ameshika shavu. Gego lake la chini lilikuwa limepasuka Jumapili akitafuna bisi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hilo shavu vipi?"

"Jino. Sijalala. Nataka kwenda hospitali kubwa, ila ile foleni yao itakula siku nzima, na watoto nimewaacha kwa mwenzangu mmoja tu, wako arobaini. Yule mzee wako bado yupo?"

Nililisikia swali vizuri. Niliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani kikasimama. Bi Futi alinitupia jicho, mara moja tu, haraka.

"Yupo," akasema. "Nenda. Mwambie umetumwa na mimi."

Mimi nikainamisha kichwa, nikaendelea kushona.

Baadaye, mambo yalipokwisha haribika, aliniambia alichokuwa akijipa moyo nacho saa ile. Alijiambia kwamba hata kama mzee hayupo, mzee makini kama yule hawezi kumwachia chumba mtu asiyejua kazi. Na pia alijiambia kwamba jino ni jino tu.

Alasiri ileile yule jamaa alimng'oa. Ganzi ilishika nusu. Jino lilikatika, mzizi ukabaki ndani, naye akamwambia mgonjwa usijali, utajitoa wenyewe. Koleo alikuwa amelipangusa kwa kitambaa tu. Jioni mdogo alimpigia dada yake simu, akaongea kwa shida: "Mzee leo hakuwepo, kulikuwa na mwingine." Hakulalamika. Nadhani hakutaka kumtia dada yake aibu. Bi Futi akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi.

Jumatano uvimbe ulishuka chini ya taya. Alhamisi hakuweza kufungua mdomo zaidi ya upana wa kijiko. Alikuwa bado anakwenda kazini, anawafundisha watoto kwa kuwaonyesha picha. Ijumaa Bi Futi alikwenda kumjulia hali, akamkuta kitandani, shingo imejaa mpaka kidevu kimepotea, anavuta pumzi kwa kelele. Mume alikuwa kazini. Alipopigiwa simu alikuja moja kwa moja na gari la taka, halijamwagwa, wakampandisha mgonjwa mbele, katikati yao, wakaenda hospitali wanapiga honi njia nzima.

Daktari aliyempokea alimbonyeza shingo kidogo tu. "Mngemleta juzi," akasema.

Walimpasua shingo kutoa usaha, wakamwekea mpira wa kupumulia. Hakuweza kusema, akawa anaandika kwenye karatasi. Jumapili mimi na Bi Futi tulikwenda kumwona saa ya wageni. Alikuwa na homa kali, macho yanang'aa. Aliomba kalamu kwa ishara, akaandika, akampa dada yake karatasi: "Dada, hii wodi unaionaje?"

Bi Futi aliisoma, akatazama huku na huku. "Shuka safi," akasema. "Wauguzi wana haraka, lakini wana adabu. Dirisha linataka pazia."

Mdogo wake alitikisika mabega. Alikuwa anacheka.

Tulipotoka kwenye korido, Bi Futi alishika ukuta. "Nilitaka kumwambia," akasema. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo." Nikamwambia atamwambia akipona.

Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi.

Msibani hakuna aliyemnyooshea kidole Bi Futi. Watu walisema siku ya marehemu ilikuwa imefika. Waliokuwepo saluni Alhamisi ile walikuja, wakakaa, wakapika, msusi naye alikuja. Alimshika Bi Futi mkono, akaanza kusema kitu, kisha akameza maneno. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba marehemu aliuliza, na kwamba alijibiwa. Tulijua wawili.

Wiki ya tatu baada ya mazishi shemeji yake, mume wa marehemu, aliingia dukani na nguo zake za kazi, buti zina matope. Alikuwa ametoka juu ya duka la vyombo.

"Shemeji," akamwambia Bi Futi, "yule mzee ana miezi minane hayupo pale. Huyo anayeng'oa watu meno hana hata cheti. Nimemuuliza cheti, akakimbilia chooni akajifungia." Akavua kofia. "Wewe ulikuwa hujui, sivyo?"

"Sikujua," akasema Bi Futi.

"Nilijua tu. Mtu angejuaje?" Akaegemea lile jora kubwa la kitambaa lililokuwa limesimama pembeni, akalilia hapohapo, mtu mzima, kofia mkononi. Bi Futi alisimama mbele yake na mikono imening'inia, kama mtu aliyeshikishwa mzigo na kuambiwa asiuweke chini.

Alipoondoka, Bi Futi alinigeukia. "Na wewe ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

Siku kumi na moja zilizofuata alikuja kazini, akapima, akakata, akaondoka. Akakosea vipimo vya nyumba mbili, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Siku ya kumi na mbili shemeji alimpigia simu. Idara ya afya ilikuwa imekubali kupokea malalamiko yake, ila walitaka maelezo ya aliyemwelekeza mgonjwa pale. Bi Futi alikata simu, akafunga duka mchana kweupe, akaniambia, "Twende wote."

Ilikuwa ofisi ndogo ghorofa ya chini, meza mbili, feni isiyozunguka, kalenda ya mwaka uliopita. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Shemeji alikaa kwenye benchi ukutani, mimi pembeni yake. Afisa aliuliza, akaandika, akauliza tena. Kisha akasema, "Na wewe, mama, ulijua lini kwamba daktari mwenyewe ameondoka?"

Angeweza kusema alijua siku ile shemeji yake alipomwambia. Hakuna ambaye angebisha.

"Alhamisi moja, wiki tatu kabla mdogo wangu hajaenda," akasema. "Niliambiwa saluni, mbele za watu. Mdogo wangu aliponiuliza kama mzee yupo, nikamjibu yupo."

Kalamu ya afisa ilisimama. "Kuna mwingine aliyesikia?"

"Mimi," nikasema. "Nilisikia yote mawili."

Shemeji hakugeuka kunitazama. Afisa alimaliza kuandika, akasema sheria inataka mlalamikaji asome na kuweka sahihi. Shemeji alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Pale alipofika, kidole kilisimama. Kisha kikaendelea mpaka chini. Akaweka sahihi.

Nje, kwenye ngazi za ofisi, alimsubiri Bi Futi.

"Siku ile dukani ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Na yeye ulimdanganya kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya nani?"

"Ya watu wa saluni."

Alitazama barabara. Kulikuwa na mtu anashusha kreti za soda, chupa zinagongana. "Watu wa saluni," akasema kwa sauti ya chini, kama anayejifunza neno geni. Akashuka ngazi, akaenda zake. Mimi hakunisemesha kitu, si siku ile wala baadaye, na ningependelea anitukane.

Walipokwenda kukifunga kile chumba walikuta kiti cha wagonjwa na ndoo tu. Jamaa alishatoroka. Tulisikia amefungua kwingine, mji mwingine, na kibao kipya. Malalamiko yako kwenye faili mpaka leo.

Bi Futi aliacha kutoa maoni. Akiulizwa wapi pana fundi mzuri wa jokofu, au kama ule mgahawa mpya unafaa kupeleka wageni, alijibu, "Kaangalie mwenyewe." Waliokuwa hawajui wakasema ameanza maringo. Shemeji akimwona mbali alivuka barabara. Bi Futi naye alijifunza saa za gari la taka, akawa anapita njia nyingine ili asimlazimishe mwenzake kuvuka.

Hali ilikuwa hivyo karibu mwaka mzima. Kisha Jumapili moja nilikuwa nyumbani kwake, tunapinda mapazia ya shule fulani yaliyotakiwa kesho yake, mlango ukagongwa. Alikuwa shemeji, na binti yake amebeba mkoba wa shule na mfuko wa nguo.

Hakuvuka kizingiti. "Wamenihamishia zamu ya mchana," akasema. "Narudi usiku. Mtoto anabaki peke yake."

Bi Futi aliutazama ule mfuko wa nguo.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukadhani. Ila hana mama mkubwa mwingine."

Bi Futi alisogea kando ya mlango. Binti aliingia, akavua viatu, akavipanga ukutani vizuri kama alivyofundishwa. Alikuwa amerefuka, na kichwa kilikuwa hakijasukwa siku nyingi.

"Shikamoo, mama mkubwa. Nina njaa."

"Marahaba. Kaa hapo, usikalie mapazia."

Akaenda jikoni. Nilisikia mfuniko wa sufuria ukianguka sakafuni, ukazunguka, ukatulia. Shemeji alisimama nje mpaka alipoona mtoto amewekewa sahani mbele yake, kisha akageuka kwenda kazini.