Ng'ombe wa shangazi yangu walivyopotelea kwenye project yangu ya masters

Wakuu, amani kwenu nyote.

Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu, nacheka na vituko vyenu kisha naondoka kimya. Leo naandika. Hii si chai, na sehemu inayonivunjia heshima sijaificha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa Kwale. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa Msambweni na shangazi, dada yake baba. Tumwite Shangazi Mbeyu. Babu yangu alikuwa Mduruma wa kule Taru, na alipofariki wanawe wa kiume walipata shamba, binti akapata ng'ombe. Mume wa shangazi naye alishafariki. Kwa hiyo wale ng'ombe kumi na mmoja ndio waliokuwa kila kitu chake duniani.

Msambweni kuna mbung'o, ng'ombe wa bara hawadumu. Wakabaki Taru kwa Mzee Mwero, rafiki wa babu.

Kwetu hiyo inaitwa amana. Anayekuwekea anachunga, anakunywa maziwa, na mara moja moja unampa ndama. Hakuna karatasi. Mgeni akija akauliza hawa ni wa nani, mwenye boma atajibu ni wake. Msimwite mwongo. Anaficha mali ya mwenzake isionewe kijicho, maana ng'ombe wa mjane wakijulikana ni wa mjane, wenye kuwataka hawakosekani.

Haya yote nilikuwa nayajua tangu utoto. Shangazi alikuwa akinichukua hadi Taru kuwatazama, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma.

Sasa twende kwenye masters.

Nilikuwa mtu wa IT katika hoteli moja Diani. Kazi yenyewe ilikuwa kurekebisha printa na kuwaambia wageni password ya wifi. Nikajiunga na chuo kimoja Mombasa kusomea masters ya business information systems, madarasa ya wikendi. Proposal yangu ya kwanza ilihusu hoteli, ikakataliwa. Msimamizi wangu akaniambia niende kwetu, nitafute tatizo ambalo watu wa Nairobi hawalijui.

Nikaenda Taru. Kulikuwa na kikundi cha wafugaji kilichokuwa kinataka kuuza mifugo kwa pamoja, badala ya kila mtu kusimama peke yake barabarani na kulaliwa bei na wenye malori. Nikasema nitawatengenezea mfumo. Kila ng'ombe avishwe hereni ya namba sikioni, na kila namba iwe na mwenyewe kwenye kompyuta. Wazee hawakupenda kuona ng'ombe wakihesabiwa hadharani, lakini walinivumilia kwa kuwa ni mjukuu wao.

Nilipofika bomani kwa Mzee Mwero, kikundi chote kilikuwa kimenifuata. Nikauliza kama nilivyowauliza wengine: hawa ni wa nani? Mzee akanitazama kidogo.

"Andika wangu, bwana," akasema.

Alinijua mimi ni nani. Alijua ninajua. Alitarajia nifanye kama anavyofanya mtu aliyelelewa vizuri, yaani ninyamaze pale mbele za watu, kisha nitafute namna. Na namna nilikuwa nayo, kuongeza safu moja tu kwenye database: mfugaji huku, mwenye mali kule.

Sikuongeza. Kuongeza safu kulimaanisha kurudi kila boma na kuuliza upya swali ambalo halijibiwi mbele za watu, nami nilikuwa nimebakiwa na wiki tatu. Ng'ombe wote wa boma lile nikawaingiza kwa jina la Mwero. Nikajiambia nitarekebisha toleo la pili. Kwenye ripoti kuna sura ya mapungufu ya utafiti, mahali tunapotupia vitu vinavyotusumbua, na hata huko ng'ombe wa shangazi sikuwataja.

Mfumo ulifanya kazi, wakuu. Bei zilipanda kidogo na kikundi kikafurahi. Msimamizi akaanza kunitaja kwa walimu wenzake. Nikaambiwa nikipita defence, yaani kuitetea ripoti mbele ya watahini, kuna nafasi ya kufundisha palepale chuoni. Printa zilianza kunitoka akilini.

Kisha Mzee Mwero akafariki.

Arobaini haijaisha, wanawe wawili walikwenda ofisi ya kikundi wakaomba karatasi. Kompyuta ikawatolea orodha safi, namba za hereni na jina la baba yao mstari hadi mstari. Shangazi alipokwenda Taru kuchukua amana yake, alioneshwa karatasi hiyo.

Akaenda kwa chifu, chifu akaita kikao. Nami nikaitwa kama mwenye mfumo. Ilikuwa Jumanne, na defence yangu ilikuwa Jumatatu inayofuata. Nilimpigia msimamizi wangu kumweleza kuna utata kidogo wa data. Akaniambia data zisiguswe hadi nimalize, kwa sababu mtahini wa nje angeuliza kama zimehakikiwa, na kwenye ripoti nilikuwa nimeandika zimehakikiwa. Nikianza upya, ni mwaka mzima.

Nilimkuta shangazi ameketi na leso yake amejifunga vizuri, hana wasiwasi. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanisogezea kiti karibu yake. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alidhani kesi imekwisha kwa kuwa nimefika.

Wazee waliulizwa. Wakasema wao wamesikia tangu zamani kwamba kuna ng'ombe wa Mbeyu pale, ila ni wangapi na ni wepi, marehemu ndiye aliyejua. Mmoja wao akamgeukia chifu. "Aliyeandika si huyu hapa? Na huyu mama ndiye aliyemlea. Atakalosema yeye, sisi twalikubali."

Chifu akanipa ile karatasi, akaniuliza kama ni ya kweli.

Wakuu, lilikuwa jibu la neno moja. Watoto wa Mwero walikuwa wameinama. Nadhani hata wao walikuwa wamejiandaa kushindwa.

"Mfumo unaonesha kile kilichoingizwa, bwana chifu," nikasema.

Chifu akauliza kama hiyo ni ndiyo. Nikasema orodha haina kosa la kiufundi. Akaandika. Shangazi hakunitazama. Aliinuka, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa heshima zote, nami akaniaga pamoja nao.

Jumatatu nilipita. Mtahini wa nje alizisifu data zangu.

Siku ya mahafali shangazi alikuja, amevaa nguo mpya, akapiga vigelegele jina langu liliposomwa. Nilishindwa kula siku hiyo. Wiki iliyofuata nikaandika barua, nikampelekea chifu, nikakiri kila kitu. Akaisoma mara mbili, kisha akaniambia watoto wa Mwero walishauza. Malori yalikuwa yameshapita Samburu ya barabara ya Mombasa zamani. Kuwashtaki kulibaki kazi ya mahakama, na shangazi alikataa kwenda mahakamani kumtaja marehemu aliyemtunzia mali yake miaka yote ile.

Nilikwenda Msambweni kumweleza. Nikaanza na database, na muda, na mtahini. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Mwanangu, karatasi sikuilaumu. Karatasi haikunijua. Wewe wanijua."

Akaendelea kuchambua. Kisha akaniuliza kama nitakula.

Sasa ninafundisha somo lilelile. Ninawaambia wanafunzi kwamba swali linalojibiwa haraka mbele za watu ulirudie faraghani, na kwamba ukijua jambo ambalo mfumo wako haulijui, kosa ni lako, si la mfumo. Wanaandika kwenye daftari. Sijawahi kuwaambia nimeyatoa wapi hayo.

Shangazi yu hai, namshukuru Mungu. Huwa naenda, tunakula, tunazungumza mambo ya mvua na ya jirani. Nilimpelekea ng'ombe mtamba, akaniambia nimpe mwenye shida. Miaka yote hii neno nisamehe halijanitoka mdomoni, na yeye sasa amezeeka, magoti yanamsumbua.

Jumamosi hii naenda Msambweni. Waliowahi kumkosea mzazi kiasi hiki, naombeni mniambie: mlianzaje?